Meli juu ya mkarafuu

Kuna dada mmoja Wete, kule Pemba, anakata magazeti na kalenda za zamani. Anatoa kichwa cha samaki huku, kofia kule, anavibandika kwenye mabega ya mwanamme mwenye kanzu, halafu huyo mwanamme anasimama kwenye meli iliyokwama juu ya mkarafuu. Gundi anapika mwenyewe, uji wa unga wa ngano. Ndiyo kolaji hiyo, na zake ni za kindoto. Ukitazama haraka unacheka, ukitazama tena unanyamaza.

Mashoga zake walisema kapandwa na jini. Wengine wakamwambia picha za viumbe hazifai kutundikwa ndani. Yeye hatundiki, anaficha kwenye daftari kubwa chini ya godoro.

Jamani, jini gani! Baba yake alikuwemo kwenye MV Spice Islander I, iliyozama karibu na Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikitoka Unguja kwenda Pemba, imejaza watu kupita uwezo wake. Wengi hawakuonekana tena, na yeye mmojawapo. Hakuna kaburi la kwenda kusimama. Nyumbani ilisomwa hitima, watu wakasema ni kudra ya Mungu, na kweli ni kudra, ila tangu siku ile hakuna aliyemtaja tena. Mtoto wa miaka tisa atafanyaje? Akameza.

Alipokua, akaona kwenye simu kazi za Wangechi Mutu, msanii aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972. Huyu mama alichukua michoro ya kizamani ya kitabibu, ya maradhi ya uzazi ya wanawake, akabandika juu yake macho na midomo mpaka ikawa nyuso. Zinatisha, na bado ni nzuri. Dada akaona kumbe uchungu unaweza kupewa sura yoyote, hata ya kichekesho. Kuchora hajui. Mkasi anauweza.

Juzi kati mama yake katoa godoro juani, daftari likaanguka. Dada anarudi anamkuta kakaa barazani, ukurasa wa kichwa cha samaki uko wazi mapajani. Akajua leo ni leo.

"Huyu babako?"

"Ndiye, mama."

Kimya kirefu.

"Kofia yake siyo hii. Yake ilikuwa ya viua, nlimshonea mie."

Akaingia ndani, akafungua sanduku, akatoka na kofia iliyoshonwa nusu, sindano imeota kutu palepale ilipoachwa. Ilikuwa ya pili hiyo, ya kumpa akirudi. Akamwambia binti akate kipande. Binti mkono ukagoma, basi mama akachukua mkasi akakata mwenyewe, huku anasimulia mtu yule alivyokuwa mbishi kwenye bao. Wakakaa pale mpaka adhana ya Magharibi.

Gundi ya uji haikushika kitambaa. Ikabidi wakishone kwenye karatasi.