Jonathan Kuminga, mtoto wa mwaka wa lava

Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilishuka hadi katikati ya mji wa Goma na kuingia ziwani. Watu walikimbia na kile walichoweza kubeba kichwani. Tarehe 6 Oktoba mwaka uleule, watu wakiwa wanajenga upya juu ya mawe meusi, akazaliwa Goma mtoto aitwaye Jonathan Kuminga.

Mwaka 2016 kijana huyo alienda Marekani kusoma na kucheza mpira wa kikapu. Wazazi walibaki Kongo. Alipita shule za West Virginia, New York na New Jersey: kila mara walimu wapya, marafiki wapya. Familia zilizopitia Kanyaruchinya na Bulengo zinajua maana ya kuanza upya hivyo.

Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka tena. Siku tano baadaye serikali iliamuru watu wahame, na njia za Sake, Rutshuru na Gisenyi zikajaa mama na watoto na magodoro. Miezi miwili na siku chache baadaye, tarehe 29 Julai, Golden State Warriors wakamchagua Kuminga wa saba kati ya wachezaji wapya wa NBA. Nafasi hiyohiyo ya saba ndiyo aliyoipata Bismack Biyombo wa Lubumbashi mwaka 2011.

Juni 2022 Warriors waliwashinda Boston Celtics, Kuminga akawa bingwa akiwa na miaka 19. Lakini fainali hizo alizitazama zaidi akiwa kwenye benchi. Msimu wa 2023-2024 alifunga wastani wa pointi 16.1 kwa mchezo. Hata hivyo, Aprili 2025 alirudishwa benchi, na michezo mikubwa ikapita bila yeye kupewa hata dakika moja.

Kisha Stephen Curry akaumia. Tarehe 10 Mei, dhidi ya Minnesota, Kuminga aliitwa na akafunga pointi 30. Timu yake ilishindwa siku hiyo, lakini kila mtu aliona kwamba wakati wa kungoja hakuwa amelala.

Hapa mzazi asidanganyike. Kati ya maelfu ya watoto wanaorusha mpira Goma, wanaofika NBA ni wa kuhesabu. Mtu akija na ahadi ya kumpeleka mtoto Marekani, familia isiuze kiwanja, wala isimkabidhi mtoto kwa asiyejulikana.

Cha kuchukua kwa Kuminga ni kile cha benchi. Mchezaji asiyeitwa bado ni wa timu, na anaendelea kufanya mazoezi. Vilevile, mtoto aliyepoteza mwaka wa masomo kwa sababu ya vita bado ni mwanafunzi. Daftari lake litunzwe, kaka au dada amsomeshe jioni, na siku atakapopata nafasi darasani aende, hata kama wenzake watakuwa wadogo kwake.