Chokaa ya Misheni

Uashi nimeurithi kwa marehemu mjomba wangu, fundi wa chokaa wa Bagamoyo, na sehemu kubwa ya umri wangu nimeimalizia kwenye kuta za Misheni Katoliki ya mji huo. Nimeziba nyufa, nimebandua lipu iliyokufa, nimeng'oa mizizi ya miti michanga iliyoota juu ya kuta kutokana na mbegu zilizoletwa na ndege. Kazi hiyo ndiyo iliyonisomesha historia ya parokia yetu.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja mwaka 1868 wakiongozwa na Padre Antoine Horner, wakaanzisha hapa kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Mwaka uliofuata kipindupindu kikawaangukia, na mwaka 1872 kimbunga kikabomoa karibu kila walichokuwa wamejenga. Wakaanza upya. Mnara wa kanisa la kwanza, uliosimama hadi leo, ni wa wakati huo. Wageni huuita Mnara wa Livingstone, kwa sababu mwili wa mpelelezi huyo ulifikishwa hapo Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miguu kutoka Chitambo, katika Zambia ya leo. Hiyo ni habari kubwa, sikatai. Lakini mimi nikishika mwiko pale huwawaza zaidi vijana waliokombolewa ambao Misheni iliwafundisha useremala, uhunzi na uashi. Mikono yao ndiyo ninayoifuata.

Kuta za Misheni ni za matumbawe, jiwe la bahari lenye vitundu kama sega la nyuki. Linavuta unyevu, linautoa, na chokaa ndiyo inayoliruhusu kufanya hivyo. Ili kuipata, mjomba alipanga magogo na matumbawe tabaka kwa tabaka, akawasha moto hadi mawe yakawa meupe na mepesi. Tulipoyamwagia maji yalichemka yenyewe, yakapasuka na kutoa mvuke mkali wa kuwasha macho. Kisha chokaa ikalazwa majini kwa majuma kadhaa. Aliipima kwa kuisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. "Bado ina punje, mwanangu," alisema, na siku hiyo hatukujenga.

Kanisa kubwa tunamosali sasa lilianza kujengwa mwaka 1910, likamalizika 1914, nalo ni la mawe yaleyale.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja ya kale mjini ambayo mkandarasi aliipiga lipu ya saruji, ngumu na laini kwa macho. Masika yalipopita mara mbili, unyevu na chumvi vilikwama nyuma yake. Nilipogonga kwa nyundo, lipu ikadondoka vipande vizima pamoja na uso wa jiwe, na ndani tumbawe limekuwa unga. Uchungu nilioupata siku ile sijausahau, maana jiwe likishafika hapo halina dawa.

Basi nazisihi halmashauri za parokia zote za pwani zenye makanisa ya matumbawe: msikubali saruji, hata ikiwa ya msaada. Na mchagueni kijana mmoja wa parokia, mumlipie, akajifunze kuchoma na kuzima chokaa wakati mafundi wazee wangali hai.