Tramu ya Babu

Kwetu Kindu, sisi wajukuu tulimuita Babu muongo. Alisema ujanani mwake, kule Léopoldville, Kinshasa ya leo, alipanda tramu isiyo na reli, isiyo na waya, isiyo na mafuta. "Sasa inasukumwa na nini, Babu?" Anajibu: "Na gurudumu." Basi tunacheka mpaka machozi. Mwishowe akanyamaza.

Mwaka huu, katika somo la fizika, mwalimu alieleza namna gurudumu zito linavyotunza nguvu, akataja jirobasi. Kumbe! Toka 1955 mpaka 1959 mji ule ulikuwa nazo, ufundi wa Uswisi. Chini ya sakafu gurudumu la chuma, kilo 1,500 hivi, lilizunguka mpaka mara 3,000 kwa dakika. Kituoni, mikono mitatu ya juu ya paa iligusa nguzo ya umeme, gurudumu likapata mbio tena, na basi ikaondoka. Ilikula umeme mno, ikaachwa.

Babu alikuwa amekwisha kufariki. Likizo ya Pasaka tulitaka kuandika habari za ukoo wetu, tukamuuliza shangazi: Babu alikaa barabara gani kule? Alifanya kazi gani? Juu ya nini alirudi Kindu? Shangazi aliendelea kupepeta muchele.

"Ni miye munauliza? Nyiye wenyewe mulimufunga kinywa."

Katika daftari, chini ya jina lake, tumeandika paka hii: alipanda tramu.