Kamba ya Mita 20

Jumatatu, 22 Septemba 2025
Klabu ya mazingira leo wamekuja 14. Nimewauliza Mto Songwe unamwaga wapi. Nusu wakasema Rukwa, nusu Nyasa, wakabishana mpaka kelele zikafika ofisini. Nimewaacha kwanza, kisha nikachora ubaoni: Songwe ziko mbili. Moja inaingia Ziwa Rukwa. Nyingine ndiyo mpaka wetu na Malawi, nayo inaishia Ziwa Nyasa. Wote walipata, wote walikosa.

Alhamisi, 2 Oktoba
Redioni asubuhi: Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, amefariki jana huko Marekani, akiwa na miaka 91. Nimewasimulia wanaklabu kwamba programu yake ya mazingira kwa vijana iitwayo Roots & Shoots ilianzia nyumbani kwake Dar es Salaam mwaka 1991, na wanafunzi 12. Kijana wa benchi la nyuma akatuhesabu kwa kidole. "Sisi tumewazidi wawili, mwalimu."

Jumamosi, 11 Oktoba
Tumeshuka kijitoni. Kiangazi hiki maji ni ya kifundoni. Kazi: kugeuza mawe na kuandika kilicho chini yake. Juu ya kivuko, watoto wa kereng'ende na kaa wadogo. Chini, yanakotupwa maganda ya kahawa iliyomenywa, minyoo myekundu tu. Maganda yakioza yanamaliza hewa ya majini. Kaa anahama, mnyoo anabaki.

Halafu tukatoa kamba ya katani, mita 20, ili kuinyoosha mara tatu kutoka ukingoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kamba ya kwanza iliishia kwenye matete. Ya pili, katikati ya kabichi. Binti wa Kidato cha Pili akasimama, kamba mkononi, akanitazama. "Mwalimu, samahani. Hili si shamba lako?"

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa nafuu wangecheka.

Jumanne, 14 Oktoba
Sikukuu ya Nyerere, shule imefungwa. Nimevuna kabichi zilizokomaa na kung'oa zilizobaki. Mama watoto ameuliza mboga ya Desemba itatoka wapi; swali lake ni la haki, sina jibu. Mvua zikianza tutapanda mikuyu pale. Majirani wanne nao wanalima ndani ya kamba. Sijawaambia neno, kwanza waone kwangu pamekuwa wazi.