Programu yangu nusura iue mparachichi wa baba

Haya, nimerudi. Najua niliahidi kwamba makala yangu yanayofuata yatahusu hifadhidata, na kuna wawili watatu mlioniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Kimya kingi kina mshindo, na mshindo wa kimya changu uko nyuma ya nyumba yetu, hatua kama ishirini hivi kutoka mlango wa jikoni. Ni mti. Hifadhidata itangoja kidogo, leo nataka niwasimulie habari ya mti huo na programu niliyoiandika kwa mikono yangu mwenyewe.

Kwetu ni Juja, upande ule wa udongo mweusi. Wanaoujua udongo huo hawahitaji maelezo. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ambazo unaweza kutumbukiza kalamu na usiione tena, na mvua ikinyesha hushika kiatu chako na kukataa kukiachilia. Juu ya udongo huo mama ana bustani yake: matuta manne ya sukuma wiki, moja la spinachi, managu, dania kidogo, na nyanya kando ya ua. Mbele ya nyumba kuna mawaridi yake. Msidhani ni bustani ya kupitisha wakati. Sukuma ile majirani huja kuinunua jioni, na hela zake ndizo hununua tokeni za stima na gesi ya kupikia.

Katikati ya hayo yote kuna mparachichi wa aina ya Hass. Baba aliupanda mwaka 2016, akafariki 2021. Hakuununua. Aliotesha kokwa la parachichi la kienyeji, mche ulipofika unene wa penseli akaukata kichwa, akaupasua katikati, akachomeka kijiti alichopewa na rafiki yake mwenye mti wa Hass, kisha akafunga. Nasema akafunga, lakini utepe niliushika mimi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikingoja kuitwa chuo kikuu, sina kazi nyumbani ila kutumwa. Kabla ya kuupeleka mche ule shambani, baba alileta udongo mwekundu kwa mkokoteni, akaurundika mpaka ukafika magotini, akaupanda juu ya kilima hicho. Sikumwuliza kwa nini. Kikumbuke kilima hicho, maana tutarudi kwake.

Sasa twende Januari 2025. Dada yangu alijifungua huko Nakuru, mama akaenda kumsaidia kwa wiki sita. Aliniachia bustani pamoja na maagizo. Mboga zinyweshwe asubuhi, lakini kwanza nichomeke kidole kwenye udongo, kikitoka kikavu hadi kifundo cha pili ndipo nimwage maji. "Na mti wa baba yako usiusumbue," akasema. "Kiangazi kikizidi, ndoo mbili kwa wiki zinautosha."

Mimi hufanya kazi nyumbani. Wateja wangu wako mbali, mikutano yao mingine huanza saa kumi na mbili asubuhi. Nikajiuliza: kuchomeka kidole kwenye matuta kila asubuhi, mtu mwenye shahada ya sayansi ya kompyuta? Si hii ndiyo kazi tuliyosomea kuifuta duniani?

Basi nikatoa bodi ya Arduino Uno iliyokuwa imelala kwenye droo tangu chuoni. Nikanunua kihisi cha unyevu wa udongo, kile cha bei rahisi chenye meno mawili kama uma, pampu ndogo ya volti 12, rilei ya kuiwasha, na mipira ya kudondosha maji. Programu yenyewe ilikuwa fupi, haikufika mistari sitini. Kila nusu saa soma kihisi. Kihisi hutoa namba kati ya 0 na 1023, kubwa maana yake udongo ni mkavu. Namba ikipita 700, washa pampu dakika nne. Kila usomaji uandikwe kwenye faili. Nikachora na grafu nzuri ya rangi ya buluu, nikaitazama kwa simu nikiwa kitandani.

Na kwa kuwa mpira ulifika mpaka kwa mparachichi, nikaona nao usinyimwe. Lakini maji yalikuwa yakiteremka kilimani na kupotea. Mwanateknolojia akaona kasoro! Nikachukua jembe, Jumamosi moja nikakisawazisha kilima, nikachimba beseni kuzunguka shina ili maji yatulie. Nilitokwa na jasho, na nilijipongeza.

Wiki ya kwanza kila kitu kilikwenda vizuri. Pampu iliwaka mara mbili kwa siku. Ilikuwa inatoa kama lita tano kwa dakika, kwa hiyo lita 40 kwa siku, hesabu safi. Nikampigia mama kujisifu. Akaniuliza, "Umeweka kidole?" Nikacheka.

Wiki ya tatu tangi letu la lita 5,000 likakauka. Nikadhani kuna bomba limepasuka, nikatambaa kando ya ua nikitafuta. Hakuna. Nikaagiza maji mengine. Majani ya mparachichi yakaanza kunyong'onyea, yakining'inia kama nguo zilizosahaulika kwenye kamba. Nikatazama grafu. Udongo mkavu, yasema grafu. Nikafikiri, jua la mwaka huu ni kali. Nikaongeza muda wa pampu kutoka dakika nne hadi sita.

Sukuma nazo zikawa manjano kutoka chini. Jirani mmoja alikuja kununua, akatazama, akasema atarudi kesho. Hakurudi.

Aliyenizindua ni afisa wa kilimo wa wadi, ambaye alikuwa amekuja kwa jirani kuangalia nyanya. Nilimwita juu ya ua. Aliingia, na hakutazama grafu yangu hata kidogo. Alitazama viatu vyake, vilivyokuwa vimezama. Akaomba jembe, akafukua kando ya beseni, akatoa mizizi midogo ya mparachichi. Inatakiwa iwe na rangi ya maziwa, akaniambia, na ikikunjwa ijikunje. Hii ilikuwa myeusi na ilikatika kama kijiti cha kiberiti. Akainusa, akanipa ninuse. Nanyi nitawahurumia nisieleze harufu yake.

Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo mkulima yeyote anajua. Mti uliozama kwenye maji hunyauka kama mti uliokosa maji. Mizizi inahitaji hewa. Udongo ukijaa maji hewa inatoka, mizizi inakufa, na mizizi ikifa haiwezi kupandisha maji juu, hata kama imesimama ndani ya dimbwi. Kwa hiyo majani yalikuwa yanalia kiu kwa sababu ya maji, nami nikawa najibu kilio hicho kwa maji zaidi. Kwenye kazi yetu tunaita mzunguko usio na mwisho.

Tena kuna adui mwingine. Anaitwa Phytophthora cinnamomi, na neno la kwanza la jina hilo limetoka kwenye Kigiriki, maana yake kuharibu mimea. Watu humwita kuvu lakini wanasayansi hawamhesabu kuwa kuvu halisi, yuko karibu zaidi na mwani. Mbegu zake zina mikia na huogelea. Ukimpa udongo uliojaa maji umempa barabara ya kufika kwenye mizizi. Ndugu yake wa jenasi hiyohiyo ndiye alileta njaa kuu ya viazi Ireland kuanzia 1845, na ndiye anayechoma viazi na nyanya zetu mvua zikizidi. Afisa hakuapa kwamba ndiye aliyeingia kwetu, kwa kuwa hakuna maabara iliyopima. Alisema tu kwamba nimemfungulia mlango.

Usiku huo nilifanya nilichopaswa kufanya wiki tatu nyuma. Nilifungua faili na kuhesabu pampu ilivyowaka badala ya kutazama unyevu. Wiki ya kwanza, mara mbili kwa siku. Kufikia wiki ya tatu, mara 19 kwa siku, yaani lita 380, na hiyo ni kabla sijaongeza dakika! Habari yote ilikuwa humo. Sikuwa nimeichora kwenye grafu.

Nikaenda na tochi kuking'oa kihisi. Jino moja lilikuwa limeliwa. Shaba imekwisha, imebaki plastiki na ukungu wa kijani. Sababu ni kemia ya sekondari: umeme wa upande mmoja ukipita kati ya vyuma viwili ndani ya maji yenye chumvi, chuma cha upande chanya huyeyuka kidogo kidogo. Nami nilikuwa nimekiachia umeme usiku na mchana. Kadiri jino lilivyoliwa, ndivyo umeme ulivyopita kwa shida, na ndivyo namba ilivyopanda. Kihisi kilikuwa kinasoma kuoza kwake chenyewe, mimi nikiita ukame. Na nilikuwa nimepitia programu mara nne nikitafuta mdudu! Programu haikuwa na kosa. Ilitii kila neno.

Nilizima kila kitu. Nikajaza beseni, nikachimba mtaro wa kutoa maji, nikangoja mama arudi.

Mama alirudi mwanzoni mwa Machi. Hakuingia ndani kwanza. Alizunguka nyuma na mkoba bado begani, akapiga goti, akachomeka kidole. Kisha akauliza, "Kilima kimeenda wapi?"

Nikamwambia nilikisawazisha ili maji yasipotee.

Akakaa kimya kitambo. "Baba yako alivuta udongo ule siku tatu," akasema. "Alisema mti huu hautaki miguu iliyolowa."

Ndiyo hivyo. Kilima ndicho kilichokuwa kazi yenyewe. Ni kama ule mstari unaoukuta kwenye programu ya mtu mwingine, hauna maelezo, unaonekana hauna faida, unaufuta, na baada ya mwezi mfumo wote unaanguka. Tofauti ni kwamba mwenye mstari huu sikuweza tena kumwandikia barua pepe.

Nilisoma sana juu ya parachichi wakati huo, na kuna kisa kimoja kilichoniliwaza na kuniumiza pamoja. Kila mti wa Hass duniani unatokana na mti mmoja tu, wa Rudolph Hass, mtu wa posta huko California, aliyepata hataza yake mwaka 1935. Mingine yote ni nakala, kijiti kutoka kijiti. Mti mama wenyewe uliishi La Habra Heights mpaka mwaka 2002, ukafa. Uliuawa na kuoza mizizi. Lakini kufikia hapo nakala zake zilikuwa zimeenea ulimwenguni, moja ikiwa kwa rafiki wa baba.

Nilimsomea mama kisa hicho. Hakusema kitu. Kesho yake alitoa mikebe sita, akajaza udongo, akaanza kuotesha makokwa.

Mti wa baba tuliukata matawi yaliyokauka, upande mzima wa mashariki. Yaliyobaki wazi tukayapaka chokaa yasiungue na jua. Tulirudisha udongo mwekundu taratibu kuzunguka mti, tukiliacha shina lenyewe wazi. Upande wa magharibi umechipua, lakini majani ni madogo, na sitawadanganya kwamba umepona. Miche ilipofika unene wa penseli tulikata vijiti kutoka upande ulio hai. Safari hii mama alishika kisu, mimi utepe kama zamani. Tulibebesha mitano, mitatu ikashika. Mmoja tumeupanda, na kilima chake kinafika magotini.

Kwa wale watakaonijia na swali, "Kwa hiyo tusitumie vihisi?" La, tumieni. Ila nunueni kihisi kisicho na chuma uchi, kile kinachopima kwa kapasitansi. Kikiwa cha meno, kipeni umeme wakati wa kusoma tu. Wekeni kikomo cha dakika za pampu kwa siku, na kikomo kikifikiwa programu ikae kimya na iwatumie ujumbe. Hesabuni maji yanayotoka. Na kila wiki mlinganishe namba na kidole.

Yangu mimi bado ipo. Hupima, huandika, hunitumia ujumbe saa kumi na mbili asubuhi. Rilei nimeiondoa. Ujumbe ukija natoka nje na kikombe cha chai, nachomeka kidole kwenye tuta la kwanza, na mara nyingi namba na kidole hukubaliana. Zisipokubaliana, mama huitwa.

Je, wewe umewahi kufuta mstari ambao hukuuelewa? Niambie ulikuwa upi, na ulilipa nini. Makala yajayo ni hifadhidata, safari hii naapa.