Mvua Inayoizamisha Mahoko

Kazi yangu ni kusoma kipimo cha mvua mlimani, juu ya senta ya Mahoko nchini Rwanda, kila siku saa mbili asubuhi. Naondoa faneli, namimina maji ya chupa kwenye gilasi yenye mistari, nainama hadi jicho lilingane na uso wa maji, kisha nasoma pale yanapobonyea katikati. Pembeni maji hupanda kidogo na kudanganya. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Ukimwambia mkulima zimenyesha milimita 50 hashtuki; mwambie kwamba kwenye robo hekta yake zimemwagika jerikani 6,250 za lita 20, hapo atakaa chini.

Wafanyabiashara wa sokoni hunisimamisha: "Mzee, leo itanyesha?" Nawajibu waulize kwanza huko juu, wilaya za Rutsiro, Nyabihu na Ngororero. Mto Sebeya unakusanya maji ya milima ya huko kabla ya kupita kwetu na kushuka Ziwa Kivu. Msimu wa masika, hewa yenye unyevu inayotoka upande wa Kongo inaupanda mgongo wa milima, inapoa, inamwaga. Zamani msitu wa Gishwati, huko huko juu, ulikuwa na takriban hekta 28,000. Malisho, mashamba na makazi vikaula mpaka zikabaki kama 600, kabla ya upandaji upya na kutangazwa kwa hifadhi ya taifa mwaka 2015. Maji yasiyokuta mizizi hayakawii njiani. Ndiyo maana watu wetu wamewahi kulala kwenye manyunyu tu na kuamshwa na mawe yanayogongana mtoni.

Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023 mvua ilinyesha huko juu na huku chini pia. Nchini walikufa watu zaidi ya 130, wengi wao wa mkoa wetu wa Magharibi, na nyumba zaidi ya 5,000 zikabomoka. Siku mbili tu baadaye, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, mafuriko ya Kalehe yakaua mamia. Asubuhi ile ya tarehe 3 nilipanda kwenye kipimo wakati watu wanachimbua matope. Jirani akaniuliza kwa ukali: "Watu wanatafuta watoto wao, wewe unapima maji ya jana?" Sikumjibu. Niliandika namba, nikashuka kushika koleo.

Leo ningekuwa na la kumwambia. Mwezi uliofuata, wanasayansi wa World Weather Attribution walitaka kujua joto la dunia lilichangia kiasi gani katika mvua ile. Walikwama: takwimu za mvua za kuzunguka Kivu zilikuwa chache mno. Sababu naijua. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994 vituo vingi vya hali ya hewa Rwanda vilinyamaza, na ilichukua kama miaka 15 kuanza kuvifufua kwa wingi. Setilaiti hujaza pengo kwa kukisia kutoka juu ya mawingu, lakini milima yetu huipotosha: bonde hili limelowa, la pili vumbi.

Tazama Valencia, Hispania, Oktoba 2024. Kituo cha Turís kiliandika zaidi ya milimita 770 kwa siku moja. Paiporta, huko chini, karibu haikunyesha kabisa, na ndiko watu wengi walikofia, kwa maji yaliyoshuka na korongo. Nilipoisoma habari hiyo niliona Mahoko tupu, ila wenzetu wana namba ya kuweka mezani.

Siwadanganyi watu wangu: chupa inayosomwa mara moja kwa siku haimwamshi mtu usiku wa manane. Kwa hilo tunahitaji mitambo inayotuma vipimo yenyewe, tena iwekwe huko mto unakoanzia, isirundikwe mjini kwa kuwa barabara ni nzuri. Lakini mitambo mingi ya aina hiyo ina kikombe kidogo kinachojaa na kupinduka, na mvua ikipiga sana maji humwagika pembeni kikombe kikiwa bado kinageuka. Inahesabu pungufu siku ile ile tunayoitegemea. Kwa hiyo nawaambia vijana wanaokuja kuifunga: fungeni, na chupa muiache hapo hapo kando yake. Na faneli isafishwe. Nyuki wanaipenda kuliko mzinga.