Gari likiinuliwa nyuma, freni nayo iangaliwe

Hapa Uvira mashofere wengi wanainua nyuma ya pikapu. Wanaongeza resori moja, gari lisikae chini likibeba magodoro, mihogo na familia zinazorudi kwao. Marekani nako wanarekebisha kimo cha nyuma kwa ajili ya mashindano ya mbio, lakini wao wanakimbia mita 402 tu, bila abiria. Sisi tuna mteremko wa Ngomo.

Pikapu nyingi za Toyota zina vali ya freni iliyounganishwa na ekseli ya nyuma. Inapima mzigo kwa namna gari lilivyoshuka. Ukiinua bila kuirekebisha, inaona gari ni tupu, inapunguza freni za nyuma. Mama, kabla ya kupanda, uliza. Mimi niliuliza juma hili. Shofere akasema ataiangalia kesho. Jioni alipakia watu 12.